Pishi Haipimi Kitambaa

Muhula uliopita nilihudhuria semina ambayo, kusema kweli, haikunihusu. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili, na semina ilikuwa ya wanafunzi wa fizikia wa mwaka wa tatu waliokuwa wakitafuta mada za utafiti. Nilikwenda kwa sababu mwenzangu wa chumba alikuwa na zamu ya kuwasilisha, akaniomba nikae nyuma nimtie moyo. Mada yake ilikuwa sigiri, yaani jiko la mkaa tunalolitumia karibu kila nyumba hapa Kampala. Alitaka kupima ni kiasi gani cha joto la mkaa kinachofika kwenye sufuria na ni kiasi gani kinachopotea hewani, kisha alinganishe sigiri za bati tupu na zile zenye udongo ndani ambazo mafundi wetu huzitengeneza kando ya barabara.

Kabla ya zamu yake, mtoa mada mkuu alikuwa ametuonyesha picha ukutani. Ilikuwa ramani ya maneno yaliyotumika zaidi katika jarida moja kubwa la fizikia kwa miaka kumi: maduara ya rangi, makubwa kwa madogo, yameunganishwa kwa nyuzi mfano wa utando wa buibui. Kando yake palikuwa na grafu ya kiwango cha athari cha jarida hilo, ikipanda mwaka hadi mwaka. Tuliambiwa kwamba huko ndiko sayansi inakoelekea. Mwenzangu alipomaliza kueleza habari za sigiri, aliulizwa swali moja tu: sigiri yako iko wapi kwenye ramani ile? Darasa likacheka. Akashauriwa atafute mada inayovuma.

Naandika insha hii kupinga jambo hilo, na nataka kulipinga kwa haki. Sipingi kuhesabu. Sipingi kuchora ramani za utafiti wala kupima ushawishi wa majarida. Ninachopinga ni kuchukua kipimo kilichotengenezwa kwa kazi moja na kukifanya hakimu wa kazi nyingine zote. Pishi ni kipimo kizuri cha mchele, lakini fundi cherehani anayepima kitambaa kwa pishi atamharibia mteja nguo.

Msomaji ataniuliza: mwanafunzi wa Kiswahili anatafuta nini kwenye shamba la wanafizikia? Jibu langu ni kwamba fimbo iliyokatwa kwenye msitu wao ndiyo inayotuchapa na sisi. Mhadhiri wa fasihi anapoomba kupandishwa cheo huulizwa amechapisha katika jarida lenye kiwango gani cha athari, kana kwamba riwaya na elektroni huzeeka kwa kasi moja. Basi ni haki yetu kwenda msituni kuitazama fimbo yenyewe ilikatwaje.

Ilikatwa maktabani, tena kwa nia njema. Mwaka 1927 wanakemia wawili wa Marekani, Gross na Gross, walichapisha makala katika jarida la Science. Swali lao lilikuwa la watu wasio na fedha nyingi: chuo kidogo kinunue majarida gani ili mwanafunzi wake wa kemia asibaki nyuma? Walichukua jarida moja, Journal of the American Chemical Society, wakahesabu marejeo yaliyomo katika makala za mwaka mmoja, ili waone ni majarida gani wanakemia wanayategemea zaidi. Kwa kuwa mengi ya majarida hayo wakati ule yalikuwa ya Kijerumani, walisisitiza pia kwamba mwanafunzi wa kemia anahitaji kusoma Kijerumani. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo, maana nitalirudia.

Mwaka 1955 Mmarekani mwingine, Eugene Garfield, alipendekeza katika jarida hilohilo la Science itengenezwe faharasa ya marejeo. Alitaka mtafiti aweze kuifuata hoja kutoka makala moja hadi nyingine, kama mwindaji anavyofuata nyayo, aone nani aliipokea, nani aliikosoa na nani aliisahihisha. Faharasa hiyo ilianza kutolewa miaka ya 1960. Ili kuchagua majarida ya kuyaingiza humo, Garfield na mwenzake Irving Sher walibuni kiwango cha athari. Majarida makubwa huchapisha makala nyingi na kwa hiyo hurejelewa mara nyingi. Wao walitaka njia ya kuyaona hata majarida madogo yaliyo mazuri. Kuanzia mwaka 1975 viwango hivyo vilichapishwa kila mwaka, na mkutubi aliweza kuvitumia kuamua jarida lipi alipie na lipi aliache.

Hadi hapo sina ugomvi na mtu. Mkutubi ana fedha kidogo na rafu chache, hana budi kuchagua. Garfield mwenyewe alionya mara kadhaa kwamba kiwango cha jarida kisitumike ovyo kumpima mtu mmoja mmoja. Onyo hilo halikusikilizwa. Kipimo kiliondoka maktabani, kikaingia kwenye kamati za ajira, za vyeo na za fedha za utafiti, na sasa kimeingia darasani kuamua kama sigiri ni fizikia.

Tukitazame kinavyofanya kazi. Chukua mwaka mmoja, tuseme 2009. Hesabu mara ambazo makala za jarida fulani zilizochapishwa mwaka 2007 na 2008 zilirejelewa mwaka 2009. Gawanya jumla hiyo kwa idadi ya makala ambazo jarida lilichapisha miaka hiyo miwili. Utakachopata ndicho kiwango cha athari cha mwaka 2009. Ni wastani wa kawaida, ule tuliofundishwa shule ya msingi.

Ubaya wa wastani unaonekana vizuri katika jarida moja la sayansi ya fuwele, Acta Crystallographica Section A, linalochapishwa na Muungano wa Kimataifa wa wataalamu wa fani hiyo. Mwaka 2008 kiwango chake kilikuwa 2.051, kiwango cha heshima kwa jarida la kitaalamu lenye wasomaji wachache. Mwaka 2009 kikaruka hadi 49.926, jarida likashika nafasi ya pili miongoni mwa majarida yote yaliyopimwa, likiyapita Nature na hata majarida makubwa ya tiba. Mwaka 2010 kikapanda tena hadi 54.333. Mwaka 2011 kikaanguka hadi 2.076.

Nini kilitokea? Je, wahariri waligundua siri ya ubora mwaka 2009, kisha wakaisahau mwaka 2011? Sivyo. Mwaka 2008 George Sheldrick, mwanasayansi wa Göttingen nchini Ujerumani, alichapisha humo makala inayoeleza historia fupi ya SHELX, programu zake za kompyuta ambazo wataalamu wa fuwele duniani huzitumia kutafuta umbo la molekuli. Makala ilieleza kuwa anayetumia programu hizo anaweza kuirejelea. Watu wakairejelea, kwa maelfu. Makala hiyo moja iliingia katika hesabu ya mwaka 2009 na ya 2010, kisha miaka miwili ilipopita ikatoka kwenye hesabu, na jarida likarudi lilikokuwa.

Sheldrick hakufanya kosa lolote. Aliwapa wenzake chombo cha kazi, nao wakamshukuru. Kosa ni la anayesoma namba. Mtu aliyechapisha makala nyingine katika jarida hilo mwaka 2008 angeweza kuiambia kamati kwamba amechapisha katika jarida la pili kwa ushawishi duniani, na kamati ingepiga makofi, ilhali makala yake huenda haikusomwa na yeyote. Ni sawa na kumpa mwanafunzi alama za jirani yake wa dawati. Na yule aliyechapisha humo mwaka 2011, kwa wahariri walewale na kwa ukali uleule wa tathmini, angeonekana ni mtu wa kawaida tu.

Mtu atasema huo ni mfano wa ajabu usiotokea kila siku. Ni kweli kwamba ukubwa wake ni wa ajabu, lakini tabia yake ni ya kila siku. Per Seglen, mtafiti wa Norwe, alionyesha katika jarida la BMJ mwaka 1997 kwamba karibu nusu ya marejeo yote hutokana na asilimia 15 tu ya makala. Maana yake ni kwamba katika jarida lolote wachache hubeba mzigo na wengi hupanda juu yake. Ukijua jarida, hujaijua makala.

Kasoro ya pili ni muda. Kwa nini miaka miwili? Kwa sababu iliwafaa wanasayansi wa fani zinazokwenda mbio. Lakini hata ndani ya fizikia yenyewe dirisha hilo ni jembamba mno. Physical Review Letters ni jarida lililoanza mwaka 1958, chini ya mhariri Samuel Goudsmit, ili kuchapisha haraka makala fupi za habari mpya. Mwaka 1967 Steven Weinberg alichapisha humo makala ya kurasa chache iliyounganisha kani ya sumakuumeme na kani dhaifu ya ndani ya atomu. Miaka iliyofuata ilikuwa kimya. Karibu hakuna aliyeirejelea. Ilipofika mwaka 1971, Gerard 't Hooft wa Uholanzi alionyesha kwamba nadharia za aina ile zinaweza kukokotolewa bila kuvunjika, ndipo watu wakaigeukia. Mwaka 1979 Weinberg alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Abdus Salam na Sheldon Glashow. Kwa dirisha la miaka miwili, makala ile ilikuwa mzigo kwa jarida lake, ikishusha wastani.

Mfano wa John Bell ni mkali zaidi. Makala yake ya mwaka 1964, iliyoonyesha namna ya kupima kwa majaribio kama ulimwengu wa kwantumu unafuata akili zetu za kawaida au la, ilichapishwa katika jarida changa lililoitwa Physics. Jarida hilo lilikufa baada ya miaka michache. Halikuwa na kiwango cha kujivunia, wala halikuishi kukipata. Mwaka 2022 Alain Aspect, John Clauser na Anton Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel kwa majaribio yaliyotokana na hoja ya Bell. Jarida lilizikwa, makala ikabaki hai. Tungekuwa na kamati zetu za leo, Bell angeulizwa kwa nini alipoteza wino wake huko.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba huko Tanganyika, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Walizoea kuchemsha maziwa, kutia sukari, kisha kuyaacha yapoe kabla ya kuyaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi ilikuwa ndogo, Mpemba akaogopa kuikosa, akayaweka yake yakiwa moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilohilo Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wanafunzi wenzake walimcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala yao katika jarida la Physics Education.

Tazama jina la jarida. Ni jarida la ufundishaji wa fizikia, linalosomwa na walimu. Si mahali ambapo ramani za maduara zingetafuta mustakabali wa sayansi. Na swali lenyewe, je, lingekuwa duara kubwa mwaka 1963? Lisingekuwa hata nukta. Aristotle, Francis Bacon na Descartes waliwahi kugusia jambo la namna hiyo, kisha likasahauliwa. Kwa ramani ya wakati ule, lilikuwa limekufa.

Lakini mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walichapisha nadharia ya jumla ya athari ya Mpemba. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, wakiwa Kanada, waliionyesha kwa majaribio ya chembe ndogo ndani ya maji, na makala yao ikatoka katika Nature. Leo kuna athari ya Mpemba ya kwantumu, na jina la kijana wa Magamba limo katika vichwa vya makala za Physical Review Letters. Kuhusu maji yenyewe ubishi haujaisha: mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha makala wakidai kuwa ushahidi wa maji ya moto kuganda kwanza ni dhaifu. Ubishi huo haunisumbui, unanipa nguvu. Swali linalobishaniwa baada ya zaidi ya nusu karne ni swali lenye ushawishi, hata kama jibu lake litakuwa la. Ni kipimo gani cha miaka miwili kingelionyesha hilo?

Hapa ndipo ninapoona hatari ya ramani za mielekeo. Ramani ya maneno ya jarida inaeleza waliyokwisha kuyaandika watu waliokwisha kupata fedha, maabara na wahariri wa kuwakubali. Ni vumbi la gari lililopita. Mwanahistoria wa sayansi anaihitaji, na mhariri anayetaka kujua jarida lake limelalia upande gani anaihitaji pia. Ila anayeitazama ili aamue aende wapi atafika pale wengine walipokwisha kuvuna, tena akiwa na jembe lisilo na mpini. Maduara makubwa niliyoyaona ukutani yalikuwa ya vitu vinavyotaka mashine ambazo idara yetu haina. Sigiri haikuwemo kwa sababu wanaoandika katika jarida lile hawapikii sigiri. Kutokuwemo kwake kulitueleza habari za waandishi, wala hakukutueleza chochote kuhusu joto.

Nisikilize sasa upande wa pili, maana wapo wahadhiri ninaowaheshimu wanaotetea namba, na hoja yao si nyepesi. Wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tukiacha kuhesabu, vyeo vitagawiwa kwa undugu, kwa kabila na kwa kujipendekeza. Namba haijui mjomba wa mtu. Wanasema pia kwamba siku hizi kuna wachapishaji matapeli wanaochapisha chochote kwa malipo, na mtu anaweza kujaza ukurasa mzima wa wasifu wake kwa takataka. Kiwango cha athari angalau ni chujio.

Nakubali kwamba daftari linahitajika. Nakubali kwamba undugu ni ugonjwa na kwamba matapeli wapo. Lakini dawa yenyewe ina hila zake. Kwanza, namba nayo ina wajomba. Jarida linaweza kuwashinikiza waandishi warejelee makala zake lenyewe, na wanaotoa viwango hivyo wamelazimika mara nyingi kuyaondoa majarida kwenye orodha yao kwa kujirejelea kupita kiasi. Tena, katika hesabu yenyewe, marejeo ya tahariri na barua huweza kuhesabiwa juu ya mstari ilhali tahariri na barua hazihesabiwi chini yake. Pili, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwanauchumi Mwingereza Charles Goodhart alieleza jambo la jamii hiyo mwaka 1975 akizungumzia sera za fedha: ukikifanya kipimo kuwa chombo cha kuwaongozea watu, watu hubadili mwenendo na kipimo hupoteza maana yake. Mtafiti anayelipwa kwa namba atatafuta namba. Atakata makala moja kuwa tatu, atawarejelea rafiki zake ili nao wamrejelee, na atakimbia swali gumu linalotaka miaka minane.

Hata waliobuni vipimo wameliona hilo. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alibuni namba ya kumpima mtafiti mmoja mmoja, inayoitwa faharasa ya h: ukiwa na makala kumi ambazo kila moja imerejelewa angalau mara kumi, namba yako ni kumi. Ilisambaa duniani kama moto wa nyika. Mwaka 2020 Hirsch mwenyewe aliandika kwamba namba yake inaweza kuleta madhara makubwa ambayo hakuyakusudia.

Wala si kwamba hakuna njia nyingine. Mwezi Desemba 2012 wanasayansi na wahariri walikutana San Francisco wakatoa azimio linalojulikana kwa jina la mji huo. Linataka kiwango cha athari cha jarida kisitumike badala ya ubora wa makala moja, wala katika kuamua ajira, vyeo na fedha za utafiti. Mwaka 2015 Diana Hicks na wenzake walichapisha katika Nature kanuni kumi zinazoitwa Manifesto ya Leiden. Kanuni ya kwanza inasema kwa maana hii: namba isaidie uamuzi wa wataalamu, isiuchukulie nafasi. Ya tatu inataka utafiti unaohusu mahali fulani ulindwe, na inaeleza jinsi watafiti wa Hispania wanavyosukumwa kuacha mada za nchi yao na lugha yao ili wapokelewe na majarida ya Kiingereza. Niliposoma hayo nilidhani wanatusema sisi.

Sasa nalirudia lile la Kijerumani. Mwaka 1927 wanakemia wa Marekani waliambiwa wajifunze lugha ya wengine ili wasome. Hawakuambiwa waache lugha yao ili waonekane wapo. Sisi tunaambiwa yote mawili. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Bila kazi kama hiyo nisingeweza kuandika insha hii, maana nisingekuwa na neno la kani wala la fuwele. Je, kiwango chake cha athari ni kipi? Hakuna. Ni kitabu, ni kamusi, tena ni ya Kiswahili. Kwa kipimo kile haijazaliwa. Katika madarasa yetu ya fasihi bado tunabishana juu ya Kichomi cha Kezilahabi, diwani ya mwaka 1974, na mwalimu anayeandika leo makala nzuri juu yake huenda akarejelewa na wanafunzi watakaozaliwa miaka kumi ijayo. Kwa dirisha la miaka miwili, mwalimu huyo na diwani hiyo ni kimya kitupu.

Wapo miongoni mwetu wanaosema suluhisho ni kuanzisha viwango vyetu wenyewe vya majarida ya Kiswahili, tuwe na orodha yetu na vinara wetu. Nawaelewa, lakini siwaungi mkono. Tutakuwa tumelalamikia fimbo kisha tukachonga nyingine kwa mti wa nyumbani. Hesabu ya marejeo katika Kiswahili itatufaa kujua nani anasomwa na maktaba inunue nini. Isitufae kwa kuamua nani ana akili.

Basi naomba mambo matatu, na nayaomba kwa wahadhiri wetu kwa heshima zote. La kwanza, makala isomwe. Kamati inayompima mtu ichukue kazi zake tatu alizozichagua mwenyewe, izisome kurasa zote, kisha iandike sentensi chache kueleza zimeongeza nini. Ni kazi ya kuchosha, najua, lakini sisi wanafunzi tunasomeshwa kwa kazi hiyohiyo ya kuchosha. La pili, anayeonyesha ramani ya jarida darasani atuambie pia ni jarida la nani, la lugha gani, linalipiwa na nani, na nini hakimo. Ramani ya ziwa isiyoonyesha visiwa humzamisha mvuvi. La tatu, mwanafunzi anayeleta swali aulizwe kwanza kama linaweza kupimwa na kama jibu lake litamfaa mtu. Swali la kwamba liko wapi kwenye ramani lije mwisho, au lisije kabisa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisemi kwamba kila kilicho chema kitajiuza chenyewe. Makala ya Weinberg ilihitaji 't Hooft, na swali la Mpemba lilihitaji Osborne. Ilihitaji mtu mmoja asiyecheka. Darasani kwetu siku ile palikuwa na watu zaidi ya thelathini, nami nikiwemo, na ninakiri kwamba nilitabasamu.

Mwenzangu alibadili mada. Sasa anaandika juu ya tabaka nyembamba za kupokea mwanga wa jua, na kwa kuwa chuo hakina vifaa vya kuzitengeneza, namba zake zote anazitoa kwenye makala za watu wengine. Atafaulu, sina shaka. Jioni tunapika uani kwa sigiri ya bati, mkaa wa gunia moja hautufikishi mwisho wa mwezi, na kila anayepita anahisi joto miguuni kabla hajaiona sufuria. Joto linapotea, tunalihisi, ila ni kiasi gani sisi bado hatujui, kwa sababu aliyetaka kulipima alikatazwa.